Heinrich Gätke, Mhesabu Ndege wa Heligoland

Kila mwanafunzi aliyefika kidato cha tatu amekwisha kusikia jina la Heligoland. Hulisikia mara moja tu, katika somo la historia, na mtihani ukiisha hulisahau. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mkataba mjini Berlin. Kwa mkataba huo Unguja na Pemba ziliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza, pwani yetu hii ya Tanga ikaachwa mikononi mwa Wajerumani kwa fidia aliyolipwa Sultani, nao Wajerumani wakapewa juu yake kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini, ndicho Heligoland. Watu wengi husema kwamba Unguja ilibadilishwa kwa Heligoland. Maneno hayo si sawasawa, maana Wajerumani hawakuwa na Unguja hata waitoe. Walichotoa ni madai yao tu, pamoja na Witu. Lakini ni kweli kwamba sisi na watu wa kisiwa kile tuliandikwa katika karatasi moja, na wala wao wala sisi hatukuulizwa.

Nilitaka kujua ni watu gani waliokuwa wakikaa huko. Nilipotafuta katika vitabu nilikuta kwamba mtu mashuhuri kuliko wote wa kisiwa kile hakuwa jemadari wala mfalme. Alikuwa mchoraji wa picha aliyetumia zaidi ya miaka hamsini kuhesabu ndege. Jina lake Heinrich Gätke.

Gätke alizaliwa tarehe 19 Mei 1814 katika mji wa Pritzwalk, nchi ya Brandenburg, huko Ujerumani. Alijifunza uchoraji, na mwaka 1837 alivuka bahari kwenda Heligoland ili achore mawimbi na majabali. Hakurudi tena kukaa bara. Alioa mwanamke wa kisiwa, akajifunza desturi za wavuvi, na kwa kuwa kisiwa kilikuwa koloni la Waingereza tangu walipowanyang'anya Wadenmark mwaka 1807, akaingia kazi ya Serikali na kuwa Katibu chini ya magavana wa Kiingereza. Basi alikuwa Mjerumani mwenye kuandika barua za Serikali ya Uingereza katikati ya watu wasemao Kifrisia.

Msomaji apate kujua jinsi kisiwa kilivyo. Ni jabali jekundu lisilozidi kilometa moja ya mraba, lenye kimo cha mita sitini hivi, na kando yake kuna kisiwa kingine kidogo cha mchanga kilichotengwa na dhoruba kubwa mnamo mwaka 1720. Chini ya jabali palikuwa na nyumba na pwani ya mashua. Juu palikuwa na nyumba nyingine, mnara wa taa, mashamba ya viazi na majani ya kondoo. Miti ilikuwa michache mno. Mahali pa namna hii ndege hana pa kujificha. Akishuka hapo kwa uchovu, baada ya kuvuka bahari usiku, asubuhi ataonekana tu, ama katika viazi, ama juu ya ukuta wa bustani. Nadhani hiyo ndiyo siri ya kwanza ya kazi ya Gätke. Mtu anayekaa katikati ya msitu mkubwa angeweza kupitiwa na ndege wale wale mwaka baada ya mwaka asiwaone.

Wenyeji waliwafahamu ndege kabla yake, lakini kwa ajili ya chungu. Walipanda vichaka vidogo vidogo katika bustani zao na kuvizungushia nyavu. Ndege waliochoka waliingia kutafuta kivuli, wakafukuzwa hadi kwenye wavu, wakapikwa. Usiku wa giza wa mwezi Oktoba au Novemba watu walipanda mnarani na taa zao za mkono. Ndege walikuja katika mwanga kwa maelfu, wakizunguka taa kama vumbi katika mwali wa jua, na waliojipiga katika vioo waliokotwa kwa magunia. Gätke aliona jambo hilo likirudi kila mwaka, akatambua pia kwamba mwezi ukichomoza ghafula ndege wote huondoka, wasionekane tena hata mmoja. Mchoraji ndani yake aliduwaa. Katibu ndani yake aliandika tarehe, saa, upepo na idadi.

Tangu mnamo mwaka 1843 alianza kukusanya ndege kwa bidii na kuwajaza majani ili wahifadhike. Hapo nataka kusema wazi kwamba aliwapiga kwa bunduki, na kwamba wavulana wa kisiwa walimletea wengine waliowaua kwa mawe. Wakati ule hapakuwa na darubini nzuri za mkononi wala picha za kamera za kumshika ndege angani, na mtaalamu wa London au Berlin asingeamini habari ya ndege mgeni asipoonyeshwa mwili wake. Sisi hatuna udhuru huo leo. Hata hivyo katika kitabu chake Gätke hakujifanya kwamba kazi yote ni yake peke yake. Aliwataja wenyeji waliomsaidia, hasa ndugu watatu wa ukoo wa Aeuckens, ambao macho yao yalikuwa makali na ambao walimjua ndege kwa sauti yake kabla hajaonekana. Wakubwa wengi wa zamani walitumia macho ya watu wadogo wasiandike majina yao.

Na ndege gani walipatikana! Tarehe 4 Oktoba 1843 alipatikana ndege mdogo wa kijani ambaye makao yake ni misitu ya Asia ya Mashariki, naye hakupata kuonekana Ulaya kabla ya siku hiyo. Mwaka 1858 peke yake kisiwa kilipokea shakwe wa waridi atokaye kwenye barafu za kaskazini kabisa, na mwezi Novemba ndege mdogo mwenye koo jeusi ambaye kwao ni Marekani, ng'ambo ya Atlantiki. Mwingine, mwenye nyusi za manjano na uzito wa gramu sita hivi, hutoka misitu ya Siberia, na wataalamu wa Ulaya walimhesabu kuwa mgeni wa bahati tu. Gätke alisema sivyo, kwamba huja karibu kila mwaka, hasa upepo ukivuma kutoka mashariki na kusini-mashariki. Leo twajua kwamba alikuwa na haki. Ndege huyo huonekana kila mwezi Septemba na Oktoba katika pwani za Ulaya Magharibi, na watu husafiri mbali kwenda kumtazama.

Habari zilipoenea, wageni wakaanza kuja. Wataalamu wa Kiingereza John Cordeaux na Henry Seebohm walifika kisiwani, wakaingia katika chumba chake, wakaona rafu kwa rafu ndege wa Asia, wa Afrika na wa Marekani, wote waliookotwa katika mahali padogo kuliko mashamba mengi ya mkonge ya wilaya yetu.

Ilipofika mwaka 1890 Gätke alikuwa na umri wa miaka 76. Mwezi Agosti bendera ya Kiingereza ilishushwa, ya Kijerumani ikapandishwa, na Kaiser Wilhelm wa Pili akafika mwenyewe kupokea. Watu kama elfu mbili walibadilishwa dola kati ya jioni na asubuhi. Kwa mzee huyu, aliyeacha Ujerumani ujanani na kuwatumikia Waingereza siku zote, mambo hayo hayakuwa madogo. Lakini mwaka uliofuata, 1891, alitoa kitabu alichokuwa akikiandaa kwa nusu karne, chenye maelezo ya karibu aina 400 za ndege wa kisiwa kile. Kitabu kiliandikwa kwa Kijerumani, na mwaka 1895 kikatolewa kwa Kiingereza.

Sasa nafika mahali ambapo mimi huona kuna mafundisho zaidi kuliko katika sifa zake zote, nako ni kukosea kwake. Gätke alitaka kujua ndege husafiri kwa kasi gani. Alimchagua ndege mmoja mdogo mwenye koo la buluu, ambaye wakati wa baridi hukaa Misri na nchi za jirani, na wakati wa machipuko huonekana Heligoland. Katika nchi zilizo kati ya hapo hakuna aliyeleta habari za kumwona kwa wingi. Basi akafikiri hivi: ndege huyu huondoka Misri jua likitua, na kufika Heligoland alfajiri, bila kutua popote. Safari ni maili zaidi ya 1,600, usiku ni wa saa tisa, kwa hiyo kasi yake ni karibu maili 180 kwa saa. Hesabu yenyewe haina kosa. Mwalimu wetu wa hesabu angeitia alama ya vema. Kosa limo katika sentensi ya mwanzo. Ndege kutoonekana si sawa na ndege kutokuwapo. Koo-buluu hupenda kujificha katika matete ya vinamasi, na katika nchi kubwa zenye matete mengi nani atamwona? Heligoland hakuna matete, ndiyo maana aliona. Ndege wadogo wa namna yake husafiri kwa mwendo wa maili ishirini hadi arobaini hivi kwa saa, kwa kutegemea upepo, nao hupumzika na kula njiani, wakachukua majuma.

Tena aliamini kwamba wakati wa kwenda kusini makinda hutangulia na wazazi hufuata nyuma, akamtoa kuku-pori wa kuvizia viota vya wenzake, yaani kekeo wa Ulaya, peke yake katika kanuni hiyo. Kwa ndege wengi wa kisiwa chake aliona sawa, na maana yake ilikuwa kubwa sana: kinda asiyepata kusafiri aijua njia bila kuongozwa na mtu mzima. Wengi walimbishia, lakini majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba ndege wengi huzaliwa na mwelekeo wa safari ndani yao. Ila kanuni si ya wote. Mtu yeyote anayekaa Tanga anaweza kuijaribu. Mwezi Agosti maji yakitoka, katika matope ya karibu na bandari hutokea ndege wadogo wa pwani wenye mdomo uliopinda, ambao huzaliana kaskazini ya Siberia. Wa kwanza kufika ni wakubwa, na baadhi yao bado wana rangi nyekundu ya arusi kifuani. Makinda, wenye manyoya mapya yaliyopangika vizuri kama magamba, hufuata Septemba na Oktoba. Hapo wazazi ndio waliotangulia. Sululu naye, yule mkubwa mwenye mdomo mrefu kama chombo cha kuchimbia chenye jina lake, huanza kuongezeka siku hizo hizo. Laiti Gätke angeletewa barua kutoka pwani yetu!

Gätke alifariki kisiwani tarehe 1 Januari 1897. Mwaka 1910 Hugo Weigold alianzisha huko kituo cha kuchungulia ndege, na badala ya kuwaua akawatia pete nyembamba za madini miguuni na kuwaachilia. Mtego wake aliutoa katika vile vichaka vya wenyeji vya kutafutia kitoweo: uzio mpana wa wavu unaoendelea kuwa mwembamba hadi kwenye sanduku. Mwaka 1933 Ronald Lockley alijenga mtego wa aina hiyo katika kisiwa cha Skokholm, Wales, na hata leo mitego hiyo huitwa kwa jina la Heligoland.

Kisiwa chenyewe kilipata taabu. Wajerumani walijenga hapo bandari kubwa ya manowari, na kwa sababu yake tarehe 18 Aprili 1945 ndege za vita karibu elfu moja za Waingereza zilikipiga mabomu. Wakazi walihamishwa. Miaka miwili kamili baadaye, siku ile ile, Waingereza walilipua huko maelfu ya tani za baruti kuharibu ngome, na sura ya kisiwa ikabadilika. Mwaka 1952 wenyeji walirudishiwa kisiwa chao, na mwaka uliofuata kituo cha ndege kikafunguliwa tena. Idadi ya aina zilizoandikwa huko sasa imepita 400, na kila mwezi Oktoba wageni wenye darubini hujaa bandarini na katika bustani zile zile.

Jambo la taa aliloliandika Gätke limeonekana karibu nasi pia. Katika mbuga ya Tsavo Magharibi, nchini Kenya, pana hoteli iitwayo Ngulia, juu ya kilima. Mwezi Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi na wenye ukungu, ndege watokao Ulaya na Asia huvutwa na taa zake kwa maelfu. Tangu mwaka 1969 watu hukesha huko na nyavu, wakawatoa mmoja mmoja kabla ya jua kuwaka, wakawatia pete, wakawapima mabawa na uzito, wakawaachilia waendelee kusini. Mwezi ukitoka, kazi hulala.