Leo Kanner, daktari aliyeusoma uso wa mtoto na kuusoma vibaya uso wa mama

Mzazi akimpeleka mtoto kwa daktari na kusema kwamba mtoto haangalii watu machoni, haitiki anapoitwa jina lake, hacheki mtu anapomchekea, maswali mengi ambayo daktari ataanza kumuuliza yana mwenyewe. Ni Leo Kanner, aliyefariki inchini Marekani tarehe 3 mwezi wa nne mwaka 1981. Ndiye aliyeandika, mwaka 1943, maelezo ya hali ambayo kwetu tunaiita otisme na ambayo wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaiita usonji. Ndiye pia aliyewatwisha akina mama wa watoto hao, kwa miaka karibu 20, mzigo ambao haukuwa wao. Mambo hayo mawili yako katika maisha ya mtu mmoja, na haifai kusimulia moja na kuficha lingine.

Kanner alizaliwa mwaka 1894 Klekotów, kijiji cha karibu na mji wa Brody, ambao wakati ule ulikuwa ndani ya ufalme wa Austria na Hungary na leo uko Ukraine. Jamaa yake ilikuwa ya Wayahudi. Wazazi walimpa majina Chaskel Leib, lakini hakuyapenda, akajichagulia Leo. Alitamani kuwa mtunga mashairi. Alituma mashairi yake huku na huku, hakuna aliyekubali kuyachapisha. Baadaye alizoea kusema kwamba kushindwa huko ndiko kulimwokoa, kwa maana angefaulu angebaki Ulaya na kuuawa pamoja na Wayahudi wengine wakati wa Hitler.

Alisomea udaktari Berlin. Vita ya Kwanza ya Dunia ilimkatiza masomo, akatumika katika kikosi cha afya cha jeshi la Austria, kisha akamaliza mwaka 1921. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kuchunguza mapigo ya moyo, si akili. Feza ya Ujerumani ilipoanguka mpaka mshahara ukawa hauna maana, alipata kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Yankton, jimbo la Dakota Kusini, Marekani. Alifika huko mwaka 1924 pamoja na mke wake Dziunia na binti yao mdogo. Hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alijifunza kwa kukaa na wagonjwa, kuwatazama na kuandika. Alikuwa na hamu ya kila kitu: mwaka 1928 alitoa kitabu kizima juu ya imani na hadisi za mataifa mbalimbali kuhusu meno. Ndiyo, meno.

Mwaka huo huo alihamia Baltimore, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, chini ya profesa Adolf Meyer. Mwaka 1930 akafungua huko kliniki ya magonjwa ya akili ya watoto, na mwaka 1935 akatoa kitabu kikubwa juu ya kazi hiyo, cha kwanza cha namna yake kwa lugha ya Kiingereza. Madaktari wa inchi nyingi walikitumia kwa miaka mingi.

Hakuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka 1937 alisimama mbele ya madaktari wenzake akaeleza biashara aliyoigundua Baltimore: avoka mmoja na jaji mmoja walikuwa wanawatoa wasichana wenye ulemavu wa akili katika kituo cha serkali, kwa karatasi halali kabisa, na kuwagawia matajiri wa mji kama watumishi wa nyumba wasiolipwa ao wanaolipwa kidogo sana. Watu zaidi ya 100 walitolewa kwa njia hiyo. Kanner alifuatilia waliko: wengi waliishia mitaani, wengine katika umalaya, wengine jela, wengine walikufa. Mwaka 1942, daktari maarufu Foster Kennedy aliposhauri kwamba watoto waliozaliwa na ulemavu mzito wa akili wauawe kwa huruma, Kanner alimjibu katika jarida hilo hilo la madaktari na kumkatalia. Na mwaka mmoja kabla, 1941, alikuwa ametoa kitabu cha kuwatetea akina mama dhidi ya wataalamu waliowatisha kwamba kila wanachokifanya kinaharibu mtoto. Msomaji akikumbuke kitabu hicho, tutakifikia tena.

Katika miaka ile Kanner na mke wake walisaidia madaktari na wauguzi Wayahudi wa Ulaya, karibu 200 kama inavyosimuliwa, kupata kazi na karatasi za kuingia Marekani. Kati yao walikuwa Georg Frankl na Anni Weiss, waliotoka kliniki ya watoto ya Vienna, ile ile alimofanya kazi Hans Asperger, ambaye jina lake litajulikana baadaye. Frankl alikuja na wazo ambalo mimi naliona kuwa la thamani kuliko mengi yaliyoandikwa wakati ule. Alisema mtu ana lugha mbili. Moja ni maneno. Nyingine ni uso, sauti inayopanda na kushuka, mikono, namna ya kusimama. Kuna watoto ambao lugha hii ya pili haitoki vizuri ao hawaisikii kwa wengine. Watu wanawaona wakaidi, wenye moyo mgumu, wasiopenda mtu. Kumbe hisia zinaweza kuwa ndani, ila uso hauzitangazi.

Mwezi wa kumi mwaka 1938 alifika Baltimore mtoto aitwaye Donald Triplett, mwenye miaka mitano, kutoka mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Baba yake, avoka, alikuwa ametanguliza barua ya kurasa 33. Ndani yake aliandika kila kitu: kwamba mtoto kabla ya miaka miwili alikumbuka nyuso na majina ya watu kwa ajabu, kwamba alikariri zaburi nzima, kwamba alihesabu mpaka 100, lakini kwamba hakujali baba akirudi nyumbani, hakujali wageni, na furaha yake kubwa ilikuwa kuachwa peke yake akizungushazungusha vitu. Mwaka 1937 madaktari walikuwa wamewashauri wazazi wampeleke kituoni na kumwacha huko. Alikaa karibu mwaka mmoja. Wazazi walikataa kuendelea, wakaenda kumchukua.

Kanner hakuwa na jina la kumpa ugonjwa huo. Akangoja. Mtoto mmoja baada ya mwingine walikuja, na mwaka 1943 aliandika juu ya 11 kati yao, wavulana 8 na wasichana 3. Alichukua neno ambalo madaktari walikuwa wanalitumia kwa watu wazima waliojifungia ndani ya nafsi yao, akaita hali hiyo otisme. Hakuwa mtu wa kwanza duniani kuwaona watoto hao. Grunya Sukhareva, daktari mwanamke wa Moscow, alikuwa amewaeleza wavulana sita tangu mwaka 1925, na kutaja wazi uso wao usioonyesha mengi. Lakini maandishi yake yalisahauliwa kwa muda mrefu. Dunia ilimsikia Kanner.

Alichokiona katika nyuso za watoto hao 11 kinastahili kusomwa polepole. Hakusema ni nyuso tupu. Alisema ni nyuso zenye akili, zenye uzito, na kwamba mbele ya watu zinakazika kwa wasiwasi. Lakini mtoto akiachwa peke yake na vitu vyake, uso unalegea, tabasamu tulivu linatokea, na mara nyingine mtoto anaimba wimbo wake mwenyewe bila kuchoka. Picha za watu waliziangalia bila taabu. Mtu akimchoma mtoto kidogo kwa pini, mtoto aliiogopa pini na kuukasirikia mkono, si mwenye mkono. Akitaka kitu, aliushika mkono wa mtu mzima kama vile unavyoshika kijiko. Yaani furaha ilikuwepo, hofu ilikuwepo, hasira ilikuwepo. Kilichokosekana ni ile desturi ya kuzipeleka kwenye uso wa mwingine na kungoja jibu. Na Kanner aliandika kwamba watoto hao walizaliwa hivyo.

Angesimama hapo, tungemsifu tu.

Lakini katika kurasa za mwisho za maandishi hayo aliongeza kwamba kati ya wazazi wao, wale wenye moyo wa joto kweli walikuwa wachache. Alikuwa anapokea watu wa aina moja: maprofesa, madaktari, ma-avoka, watu wenye uwezo wa kusafiri mbali na kuandika barua za kurasa 33. Alichukua utaratibu wao kuwa ubaridi. Mwaka 1949 alieleza namna mama alivyopanda ngazi za kliniki, mtoto akimfuata nyuma kwa unyonge, na mama bila kugeuka kumtazama. Akaandika kwamba watoto hao ni kama wamelelewa ndani ya frigo. Magazeti yalilichukua jambo hilo, na mama frigo akazaliwa.

Fikiria huyo mama wa ngazi. Amelala saa ngapi usiku ule? Amemwita mtoto mara ngapi maishani, amemgeukia mara ngapi, bila mtoto kugeuka? Kanner, aliyejua kwamba uso mkavu wa mtoto hauna maana ya moyo mkavu, alimtazama mama aliyechoka akahukumu moyo wake kwa uso wake.

Kwetu Congo tunajua namna mtoto asiyeeleweka anavyoweza kuitwa mchawi na kufukuzwa nyumbani. Marekani ya wakati ule, iliyojiona ya kisayansi, ilienda kumtafuta mchawi kwa mama. Wazazi waliambiwa wajitibu wao wenyewe kwa mazungumzo ya miaka. Watoto walitengwa nao ili wapone. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim alitoa kitabu kilicholinganisha hali ya watoto hao na ile ya wafungwa wa kambi za Hitler, na kikauzwa sana. Kwa Kifaransa pia kilipata wafuasi wengi, na mawazo yake yalidumu Ufaransa kuliko penginepo.

Kanner alikidharau kitabu hicho. Tangu 1964 alikuwa amekubali kuandika utangulizi wa kitabu cha Bernard Rimland, mtafiti ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye otisme, na ambaye alionyesha kwamba tatizo liko katika ubongo tangu mwanzo, si katika malezi. Mwaka 1969, mjini Washington, Kanner aliyekuwa na miaka 75 alisimama mbele ya mkutano wa wazazi. Akawakumbusha kile kitabu chake cha 1941 cha kuwatetea akina mama, akawaambia kwamba yeye anawaondolea hatia wazazi wote. Watu walisimama wakapiga makofi. Alisema pia kwamba alinukuliwa vibaya, kwamba tangu mwanzo aliandika kuwa watoto walizaliwa hivyo. Hiyo ni kweli kwa nusu. Maneno ya frigo yalikuwa yake, na yalikwisha kukaa kwenye karatasi kwa miaka 20.

Mwaka 1971 aliwatafuta tena wale watoto 11 kujua walifikia wapi. Majibu yalimwumiza. Wengi wa wale waliofungiwa katika vituo vikubwa vya serkali walipoteza hata kile walichokuwa nacho. Kuingia huko kulikuwa sawa na hukumu ya maisha. Waliofanikiwa ni wachache, na kila mmoja wao alikuwa amepata fasi ya kuishi kati ya watu.

Utafiti wa baadaye umeirudia ile hoja ya Frankl. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba watu wenye otisme wanaonyesha hisia usoni mara chache zaidi na kwa muda mfupi zaidi, lakini si kwa nguvu ndogo. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana otisme, alikuwa ameandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: mwenye otisme anashindwa kusoma uso wetu, na sisi tunashindwa kusoma wake, ila yeye peke yake ndiye anayeitwa mgonjwa.

Donald, mtoto wa kwanza wa Kanner, alipelekwa mwaka 1942 kwa mtu na mke wake, wakulima wasio na watoto, karibu na Forest. Hawakujua neno otisme. Waliona anapenda kuhesabu, wakamwacha ahesabu mistari ya mahindi huku akilima, na akalima. Kanner alimtembelea huko mwaka 1945 akastaajabu. Baadaye Donald alisoma chuo kikuu, akafanya kazi katika banki ya jamaa ya upande wa mama yake, akaendesha gari, akacheza gofu, akasafiri inchi nyingi peke yake. Wakaaji wa Forest walizoea kwamba Donald akikusalimu hakutazami sana. Alifariki mwaka 2023, akiwa na miaka 89.