Mwenda wa Bayeke: Gitaa la Katanga lililofika Nairobi

KASHIKISHI. Katika boti zinazovuka Ziwa Mweru kati ya Kashikishi na Kilwa ya Kongo, bei hupatanwa kwa Kibemba au kwa Kiswahili cha Katanga. Msemaji wa Unguja akikisikia Kiswahili hicho hutabasamu, wakati mwingine kwa dharau. Lakini miaka zaidi ya 60 iliyopita, wasikilizaji wa redio mjini Nairobi walikisikia kutoka kwa mtu wa ng'ambo hiyo ya ziwa, nao wakakipenda.

Mtu huyo ni Jean Bosco Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930 Bunkeya. Mji huo wenyewe ni matunda ya biashara ya masafa marefu. Msiri, Mnyamwezi kutoka magharibi mwa Tanzania ya leo, alivuka Luapula katikati ya karne ya 19 akifuata shaba na pembe za ndovu, akasimika ufalme wake Bunkeya, hadi alipouawa na watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji Desemba 1891. Watu wake ndio Bayeke. Bosco alijiita Mwenda wa Bayeke, na kwa mtu anayeishi kwa kuvuka mipaka, jina Mwenda halihitaji kufafanuliwa.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyekuwa na makao Afrika Kusini, alimrekodi Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo. Bosco alikuwa na miaka 22. Wimbo uliomtangaza ni "Masanga", na ndani yake hamna ngoma wala mpigaji wa pili. Kidole gumba kinashika mwendo kwenye nyuzi nene, kikifanya kazi ya mpiga ngoma. Kidole cha shahada kinakimbia kwenye nyuzi nyembamba, mara kikienda na gumba, mara kikimkwepa. Asiyejua hudhani anasikia watu wawili. Wenzake wa Katanga, wakitaka mdundo zaidi, waligonga chupa ya soda, na ilitosha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 msomi David Rycroft aliandika nota za upigaji huo, akazichambua kwa kurasa nyingi katika jarida la African Music. Wapiga gitaa wa Kenya hawakuzingoja. Bosco aliishi Nairobi kwa muda mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akiwa na kipindi chake cha redio, na vijana kama John Mwale walijifunza kwa kumsikiliza tu. Nadhani huo ndio urithi wake mkubwa kuliko santuri zenyewe: mtindo uliopita mpakani bila kukaguliwa.

Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Nyumbani, hata hivyo, gitaa la umeme na bendi kubwa za Kinshasa zilikuwa zimeshateka redio na baa, na mpiga gitaa wa peke yake akaonekana mtu wa zamani. Naye akaunda bendi, Super Shaba, mjini Lubumbashi.

Gitaa kavu hakulitupa. Mwaka 1988, akiwa Cape Town, alirekodi upya nyimbo za ujana wake. Miaka miwili baadaye alifariki katika ajali ya gari.