Koitalel: Orkoiyot aliyeitikia wito wa amani akauawa

KOITALEL arap Samoei alizaliwa katika ukoo wa waaguzi. Babake, Kimnyole, anakumbukwa katika masimulizi ya Wanandi kwa kutabiri kuwa nyoka atemaye moto na moshi angepita nchini mwao. Mwaka wa 1890 Kimnyole aliuawa na watu wake mwenyewe, waliomlaumu kwa maafa yaliyoikumba jamii.

Nyoka alikuja kweli: reli iliyofika Kisumu mwaka wa 1901. Koitalel, akiwa Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, ndiye aliyewaongoza Wanandi kuwapinga Waingereza kuanzia 1895. Kwa miaka 10 vijana wake walishambulia misafara na kung'oa nyaya za simu, wakazigeuza mapambo.

Oktoba 19, 1905, alikubali kukutana na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, kuzungumzia amani. Hakurudi. Meinertzhagen alimpiga risasi, na wafuasi wake kadhaa wakauawa papo hapo. Uchunguzi ulifanywa mara tatu na afisa huyo akaondolewa lawama, ingawa mwaka wa 1906 alihamishwa kutoka nchini.

Fimbo tatu za Koitalel zilizotwaliwa siku hiyo zilirejeshwa mwaka wa 2006. Lakini wazee wa Nandi wanaamini kuwa kichwa chake pia kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na wamekuwa wakikidai kwa miaka mingi. Maiti isiyo kamili ni maziko yasiyo kamili. Ndiyo maana, zaidi ya karne moja baadaye, kesi hii haijafungwa nyoyoni mwao.