Viktor Frankl, Daktari wa Waliokata Tamaa

Safari hii tunawaletea maisha ya daktari mmoja Myahudi aliyepoteza karibu jamaa yake yote, na bado akaendelea kuwatibu watu waliochoka kuishi.

Viktor Frankl alizaliwa tarehe 26 Machi 1905 katika mji wa Vienna, nchini Austria. Tangu ujana alisumbuliwa na jambo moja: kwa nini mtu afikie kutaka kujiua? Kabla hajamaliza masomo ya udaktari mwaka 1930, alikwisha kusaidia kufungua vituo vya kuwapa vijana mashauri bila malipo. Kuanzia 1933 hadi 1937 alifanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akiwahudumia wanawake waliokuwa katika hatari ya kujiua.

Mwaka 1938 Ujerumani ya Hitler iliitwaa Austria, na Wayahudi wakaanza kuteswa. Frankl alipata viza ya kwenda Marekani, lakini wazazi wake wazee hawakuwa nayo. Aende au abaki? Wengi wetu tunalijua swali hilo. Siku moja alikuta nyumbani kipande cha jiwe ambacho baba yake alikiokota katika sinagogi lililobomolewa. Kilikuwa na herufi moja ya Kiebrania, ya ile amri ya kuwaheshimu baba na mama. Akabaki, viza ikaisha muda wake.

Desemba 1941 alimwoa Tilly Grosser. Septemba 1942 wote wawili, pamoja na wazazi wake, walipelekwa kambi ya Theresienstadt. Baba yake alifia huko mwaka 1943, lakini mwanawe alikuwapo kumhudumia. Oktoba 1944 Frankl na mkewe walipelekwa Auschwitz. Mama yake naye aliletwa huko, akauawa. Ndugu yake wa kiume alikufa pia, na Tilly akafia kambi ya Bergen-Belsen. Andiko la kitabu chake lilipotea Auschwitz. Alipougua homa ya tifasi katika kambi nyingine, alianza kuliandika upya kwenye vipande vya karatasi. Aliokolewa tarehe 27 Aprili 1945.

Ndugu, tusifananishe kambi zile na makazi yetu. Sisi tulikimbilia huku ili tupone. Wao walipelekwa kule ili wafe. Ila uchungu wa kufiwa tunaujua.

Matibabu yake yanaitwa logotherapia, kutokana na neno la Kigiriki logos, ambalo yeye alilitumia kwa maana ya kusudi. Aliamini kwamba mtu anaweza kuvumilia mengi akijua anaishi kwa ajili ya nini. Alitaja njia tatu za kuliona kusudi hilo: kazi tunayoifanya, watu tunaowapenda, na namna tunavyoyapokea mateso yasiyoepukika. Mateso yanayoweza kuondolewa, alisema yaondolewe kwanza.

Mzee mmoja, naye daktari, alimjia akimlilia mke wake aliyefariki. Frankl hakumhubiria. Alimwuliza tu ingekuwaje kama yeye mzee ndiye angetangulia. Mzee akaona kwamba mkewe angeteseka sana, na kwamba huzuni hii ameibeba kwa niaba yake. Akainuka, akampa daktari mkono, akaenda zake. Mkewe hakurudi, lakini huzuni ilipata maana.

Kuanzia 1946 Frankl aliongoza idara ya magonjwa ya neva katika hospitali moja ya Vienna kwa miaka karibu 25. Mwaka 1947 alimwoa Eleonore Schwindt, Mkatoliki, wakapata binti mmoja. Katika mji uleule uliomfukuza, alikataa fundisho la kulibebesha taifa zima hatia. Kwake, kila mtu ahukumiwe kwa matendo yake mwenyewe. Watu wengi walimkasirikia kwa hilo, lakini hakugeuka. Alifariki tarehe 2 Septemba 1997, akiwa na miaka 92.

Sisi tuliokimbia vita vya makabila tulitafakari hilo la mwisho nyumbani, pamoja na watoto. Na jirani asiyelala kwa mawazo, tusiharakishe kumwambia avumilie. Tukae naye, tumwulize ni nani anayemhitaji, na kazi gani bado inamngoja.