Frank Jay Haynes, Mpigapicha wa Msafara wa Rais Arthur Yellowstone

Mwezi Agosti mwaka 1883, Rais wa Marekani, Chester A. Arthur, aliiacha reli katika mji wa Green River, Wyoming, akaelekea Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone. Kutoka Fort Washakie, ambako Washoshone na Waarapaho walimlaki, safari iliendelea kwa farasi chini ya Jenerali Philip Sheridan. Katika msafara huo walikuwamo Waziri wa Vita, Robert Lincoln, na Seneta George Vest. Waandishi wa habari hawakuruhusiwa, na taarifa zilizotumwa magazetini ziliandikwa na wanamsafara wenyewe. Aliyeruhusiwa ni mpigapicha mmoja, Frank Jay Haynes, kijana wa miaka 29.

Haynes alizaliwa mwaka 1853 huko Saline, Michigan. Mwaka 1876 alifungua studio Moorhead, Minnesota, kisha akapata kazi ya kuipigia picha Reli ya Northern Pacific, iliyohitaji abiria na walowezi.

Kamera yake ilikuwa sanduku kubwa lenye miguu mitatu, na kila picha ilihitaji kioo chake. Mzigo huo ulivuka mito na milima mgongoni mwa wanyama, na kioo kikivunjika picha imepotea. Hata hivyo alirudi na mandhari ya milima ya Teton, kambi za mahema, na picha ya Rais ameketi pamoja na wenzake porini. Albamu ya safari hiyo ilitolewa kwa nakala chache mno. Kwa kuwa msafara ulijisimulia wenyewe, vioo vya Haynes vina uzito wa pekee, ingawa naye alikuwa mgeni wa wenye msafara.

Safari hiyo ilimfungulia mlango. Mwaka 1884 alipata kibali cha kuendesha studio ndani ya hifadhi, wakati ambapo Bunge lilikuwa limeanza kubana ukodishaji wa ardhi humo. Januari 1887 aliingia tena, safari hii katikati ya theluji. Kiongozi wa msafara, Frederick Schwatka, aliugua akarudi. Haynes na wenzake watatu waliendelea, na karibu na Mlima Washburn tufani iliwazingira takribani siku tatu, walinusurika chupuchupu. Picha za majira ya baridi alirudi nazo.

Mwaka 1916 alimkabidhi kazi mwanawe, Jack. Alifariki dunia mwaka 1921 mjini St. Paul. Mlima mmoja wa Yellowstone unaitwa Haynes.