Sam Walton: Aliuza rahisi kuliko wote, lakini nani alilipa?

MFANYABIASHARA yeyote wa Kariakoo anaijua kanuni hii: punguza faida kwenye kipande kimoja, uza vipande vingi. Ndiyo inayoendesha maduka ya jumla kuanzia mtaa wa Kongo na Mchikichi hadi barabara ya Lumumba, pale Mnazi Mmoja. Mtu aliyeifikisha kanuni hiyo mbali kuliko wengi duniani ni Mmarekani Sam Walton, mwanzilishi wa maduka ya Walmart, aliyefariki mwaka 1992.

Maisha yake yana mengi ya kumfaa mwenye duka na mkulima. Hata hivyo, yapo pia mambo ambayo vyama vya wafanyakazi vimeyalalamikia kwa miongo kadhaa, na mambo hayo nayo yana somo kwetu.

Walton alizaliwa Machi 29, 1918 katika mji wa Kingfisher, jimbo la Oklahoma. Baba yake aliacha kilimo akaingia katika shughuli za mikopo ya mashamba. Miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi ilipofika, kazi yake ikawa kuwanyang'anya mashamba wakulima walioshindwa kulipa. Mtoto huyo alikua akijua thamani ya senti. Alikamua ng'ombe wa nyumbani na kuuza maziwa, akasambaza magazeti.

Mwaka 1940, baada ya kumaliza Chuo Kikuu cha Missouri, alianza kazi katika duka la J.C. Penney mjini Des Moines. Baada ya kutumikia jeshi katika Vita Kuu ya Pili, mwaka 1945 alinunua duka dogo katika mji wa Newport, Arkansas. Alikuwa na dola 5,000 zake mwenyewe, na baba mkwe wake akamkopesha 20,000.

Fremu ikampotea

Duka la Newport lilistawi. Ndipo likamkuta jambo ambalo wapangaji wengi wa fremu za Kariakoo wanalielewa bila kusimuliwa. Mkataba wake wa pango haukuwa na kifungu cha kumpa haki ya kuuongeza. Mwaka 1950 mwenye nyumba alipoona biashara imekolea, alikataa kumpangisha tena, akalichukua duka kwa ajili ya mwanawe. Walton akahamia Bentonville kuanza upya, na tangu hapo akawa mwangalifu sana na kila mkataba.

Siri ya mafanikio yake ilikuwa hesabu rahisi. Nguo za ndani za wanawake alikuwa akizinunua kwa dola 2.50 dazeni na kuuza tatu kwa dola moja. Dazeni ilimwingizia dola nne, faida ikiwa dola 1.50. Akampata mtu wa New York aliyemuuzia dazeni kwa dola mbili. Badala ya kubaki na bei ile ile, alianza kuuza nne kwa dola moja. Faida ya dazeni ilishuka hadi dola moja, lakini mauzo yaliongezeka mara tatu. Pale alipopata dola 1.50 sasa alipata tatu.

Julai 2, 1962 alifungua Walmart ya kwanza katika mji wa Rogers, Arkansas. Aliwakwepa madalali na kununua moja kwa moja viwandani. Alijenga magodauni yake na kuweka maduka katika miji midogo ambayo wakubwa waliidharau. Mwaka 1970 hisa za kampuni zilianza kuuzwa kwa umma. Mwaka 1985 jarida la Forbes lilimtaja kuwa tajiri wa kwanza Marekani, lakini yeye aliendelea kuendesha pikapu yake kuukuu.

Upande wa wafanyakazi

Bei ya chini lazima ilipiwe na mtu. Katika miaka ya mwanzo waliolipa zaidi walikuwa wauzaji wa dukani, wengi wao wanawake wa vijijini. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ilipopanuliwa mwaka 1961 kugusa biashara kubwa za rejareja, Walton alidai kwamba kila duka lake ni kampuni ndogo inayojitegemea, hivyo haihusiki. Mahakama ilimkatalia. Baadaye, katika kitabu cha maisha yake, alikiri mwenyewe kwamba alikuwa mbahili mno kwa wafanyakazi wake wa mwanzo.

Mwaka 1971, kwa kushawishiwa na mkewe Helen, alianzisha mpango wa kugawana faida na wafanyakazi wa kawaida. Waliodumu kwa miaka mingi walinufaika nao. Lakini vyama vya wafanyakazi hakuvikubali kamwe. Vilipojaribu kuingia katika maduka yake ya Missouri, alimwajiri mwanasheria John Tate kuvizuia.

Walton alifariki Aprili 5, 1992 kwa saratani, lakini mwenendo huo haukuzikwa naye. Mwaka 2004 wafanyakazi wa duka la Jonquière nchini Canada walifanikiwa kusajili chama. Mwaka uliofuata duka likafungwa, na takriban watu 190 wakapoteza kazi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Canada iliamua kwamba wafanyakazi hao walikosewa.

Afrika nayo iliguswa. Mwaka 2011 Walmart ilinunua asilimia 51 ya Massmart ya Afrika Kusini, kampuni yenye maduka ya Game, likiwamo la Mlimani City, Dar es Salaam. Chama cha wafanyakazi cha SACCAWU kilipinga ununuzi huo kikihofia ajira na wazalishaji wa ndani. Mwaka 2012 mahakama iliamuru wafanyakazi 503 waliopunguzwa warudishwe kazini, na uwepo mfuko wa kuwasaidia wazalishaji wadogo. Game ya Dar es Salaam ilifungwa mwaka 2022. Kariakoo ipo.

Somo kwa wetu

Mwenye duka asidhani habari hii ni ya matajiri tu. Kijana anayefungua duka saa 12 asubuhi na kufunga usiku naye ni mfanyakazi mbele ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka saa 45 za kazi kwa wiki, malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na haki ya kujiunga na chama.

Mkulima naye anapaswa kujiuliza anapofurahia mnunuzi mmoja mkubwa. Mnunuzi huyo akishakuwa pekee, ndiye atakayepanga bei ya nyanya na vitunguu. Ushirika, au walau wanunuzi wawili watatu, ndiyo kinga.

Kutoka kwa Walton tujifunze kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, kutafuta bidhaa zinakotoka, na kuridhika na faida ndogo yenye mzunguko mkubwa. Lakini punguzo litokane na ununuzi mzuri na usafirishaji mzuri, si na jasho la msaidizi ambaye hajalipwa.