Claude ZoBell: Aliyewapa bakteria kazi ya mafuta

Claude ZoBell alizaliwa Utah, Marekani, mwaka wa 1904. Akiwa mtafiti katika taasisi ya bahari ya Scripps, California, alionyesha kwamba bakteria wanaweza kubandua mafuta yaliyonata kwenye miamba. Vipi? Hutoa gesi, asidi na vitu vinavyofanya kazi kama sabuni. Kumbe inafanana na kuchachua, kama kaluvu ya Kitui!

Mwaka wa 1946 alipewa haki ya uvumbuzi huo. Alichunguza pia bakteria wanaokula mafuta. Alifariki 1989.

Mwaka wa 2015, bomba la Mombasa–Nairobi lilivuja Thange, Makueni, mafuta yakaingia mtoni. Bakteria wa ZoBell husafisha udongo, ila polepole, tena wakipata hewa na mbolea. Mkulima anayetegemea mto huo atangoja hadi lini?